Jinsi ya kumodeli raiza ya baharini kwenye kompyuta bila kudanganywa na picha nzuri

Raiza, kwa asiyeijua, ni lile bomba refu linalotoka kwenye kichwa cha kisima huko chini sakafuni mwa bahari mpaka kwenye meli au jukwaa linaloelea juu. Ukiiona kwenye mchoro unadhani ni nguzo ya chuma. Sio nguzo kabisa. Chukua bomba la upana wa milimita 533 lenye urefu wa mita 500, lipunguze kwenye karatasi mpaka upana uwe milimita 2, urefu utabaki karibu mita 1.9, yaani ni waya. Sasa jaribu kuusimamisha waya wa milimita 2 wenye urefu unaozidi kimo cha mtu, hausimami, unalala. Raiza inasimama kwa sababu moja tu, kuna mitambo juu inaivuta muda wote, na ukilishika hilo tangu mwanzo nusu ya kazi ya kumodeli umeshaielewa.

Naandika hii kwa mtu anayejua kidogo mekaniksi ya mihimili na anajua kuandika kodi kidogo, Python inatosha kabisa. Programu kubwa za kazi hii zipo, OrcaFlex, Flexcom, Riflex, wengine wanatumia Abaqus, na kazini utatumia mojawapo. Ila ushauri wangu wa dhati, jenga modeli yako ndogo mwenyewe kwanza hata mara moja tu maishani, manake hizo programu zinakupa jibu kwa data yoyote unayoziwekea, hata kama data ni mbovu, na jibu linakuja na rangi na mwendo mzuri kweli kweli.

Anza na karatasi, sio kompyuta

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Raiza ya kuchimbia, kipenyo cha nje mm 533.4 (ndo inchi 21, saizi ya kawaida sana), unene wa ukuta mm 19.05, kina mita 500, ndani imejaa tope la kuchimbia (kimiminika kizito cha kuchimbia kisima) lenye densiti ya kilo 1200 kwa mita ya ujazo. Raiza za kweli zina mabomba madogo ya pembeni na maboya ya povu yaliyofungwa nje, hapa tunayaacha ili hesabu ionekane, lakini kwenye kazi yako usiyaache kwa sababu maboya yanaongeza kipenyo ambacho maji yanakisukuma.

Kwa kila mita moja ya bomba: chuma kilo 242 (densiti 7850), tope la ndani kilo 231, na maji ya bahari yaliyosukumwa pembeni kilo 229 (densiti 1025). Kwa hiyo uzito ndani ya maji ni 242 jumlisha 231 toa 229, ni kama kilo 244, zidisha kwa 9.81 unapata kN 2.39 kwa mita. Kwa mita 500 ni kN 1196. Mitambo ya juu tuiwekee kN 1600 ya kuvuta. Ugumu wa kupinda, ile EI, kwa chuma cha GPa 207 unatoka MN 211 mita mraba. Andika namba hizi pembeni, utazirudia mara kibao.

Tensheni ipi? Hapa ndo watu wanaumia

Kama utasoma sehemu moja tu ya maelezo haya basi soma hii. Kuna tensheni, yaani nguvu za kuvuta, mbili kwenye bomba na sio kitu kimoja. Kuna tensheni ya ukuta, ambayo ndiyo nguvu inayobebwa na chuma chenyewe, na kuna tensheni fanisi, ambayo inahesabu chuma pamoja na presha ya ndani na presha ya nje. Fomula yake:

Te = Tw − pi·Ai + pe·Ae

Te ni fanisi, Tw ni ya ukuta, pi na pe ni presha ya ndani na ya nje, Ai na Ae ni maeneo ya duara la ndani na la nje. Kupinda, kuyumba, frikwensi, kujikunja ghafla, vyote vinafuata Te. Chuma kuvimba au kukatika unaangalia Tw pamoja na presha.

Kwa mfano wetu, chini kabisa Te ni 1600 toa 1196, kN 404. Ya ukuta ni 1600 toa uzito wa chuma peke yake hewani (kN 1186), unapata kN 414. Zinakaribiana, unaweza kusema sasa tofauti iko wapi, mbona mtu anatusumbua. Haya badilisha tope, kisima kimekuwa na presha kubwa wachimbaji wakaweka tope zito la kilo 1800. Uzito ndani ya maji unapanda mpaka kN 3.53 kwa mita, jumla kN 1763, na Te ya chini inakuwa 1600 toa 1763, yaani hasi 163. Ile ya ukuta bado ni 414 vile vile, chuma kinavutwa kama kawaida, ukikipima kwa vifaa vya kupimia mkazo utaona kinavutwa, lakini raiza inajipinda sehemu ya chini kama fimbo iliyobanwa. Hakuna kilichobadilika juu, hakuna aliyegusa mitambo, wamebadilisha tope tu. Mtu aliyeweka tensheni ya ukuta kwenye modeli yake hataliona hilo hata akikaa mwezi mzima, na hiki ni kitu kinachobeba kazi na maisha ya watu walio juu ya jukwaa, ndo maana nakisisitiza hivi.

Kwenye modeli basi: tensheni fanisi juu ni ile ya mitambo, halafu ukishuka unapunguza uzito wa ndani ya maji (pamoja na vya ndani ya bomba) mita kwa mita. Ukifanya hivyo presha ya maji na ya tope zimeshaingia zenyewe, usiziongeze tena kama nguvu za pembeni, utakuwa umezihesabu mara mbili.

Kujenga elementi

Mlinganyo wenyewe ni wa mhimili unaovutwa: EI mara dirivativu ya nne ya msogeo, toa mabadiliko ya (Te mara mteremko), jumlisha masi mara akselerasheni, sawa na nguvu ya maji. Unaugawanya urefu kuwa elementi (vipande vifupi), kila elementi nodi 2 (ncha zake), kila nodi ina visivyojulikana 2: imesogea pembeni kiasi gani na imeinama kwa pembe gani. Kwa elementi ya urefu h, matriksi ya kupinda ni EI/h³ mara hii:

12, 6h, −12, 6h
6h, 4h², −6h, 2h²
−12, −6h, 12, −6h
6h, 2h², −6h, 4h²

Na ya tensheni ni Te/(30h) mara hii:

36, 3h, −36, 3h
3h, 4h², −3h, −h²
−36, −3h, 36, −3h
3h, −h², −3h, 4h²

Unazijumlisha, Te ukiichukua ya katikati ya elementi husika, unazipanga kwenye matriksi kubwa, kwisha. Elementi 100 ni nodi 101 na visivyojulikana 202, laptopu ya kawaida inamaliza kabla hujavuta pumzi.

Saizi ya meshi sasa, yaani huo mgawanyo wa elementi. Kuna urefu mmoja muhimu, kipeuo cha pili cha (EI gawanya kwa Te), unakuambia kupinda kwa karibu na ncha kunaenea umbali gani kabla bomba halijaanza kutulia kama kamba. Kwetu juu ni mita 11.5 na chini ni mita 23. Weka elementi zisizozidi sehemu ya kumi ya hapo karibu na ncha, yaani mita 1 juu na mita 2 chini, katikati unaweza kwenda mita 5 mpaka 10. Niliwahi kukesha siku 2 natafuta kosa kwenye modeli ambayo mkazo wake wa chini ulikuwa unaruka ruka kila nikibadilisha kitu kidogo, kumbe elementi ya mwisho nilikuwa nimeiweka ya mita 25, ndefu kuliko eneo lote la kupinda, hivyo modeli haikuwa hata na mahali pa kuuweka huo mkazo.

Kwenye ncha, raiza ya kuchimbia ina maungio yanayonyumbuka juu na chini. Kwa kuanzia yachukulie kama bawaba, msogeo sifuri na pembe iko huru, baadaye ongeza springi ya mzunguko yenye ugumu uliotolewa na mtengenezaji. Usifunge pembe kabisa kama hujaambiwa, utajitengenezea mkazo mkubwa ambao haupo.

Jaribu la kwanza: mkondo uliotulia

Nguvu ya maji inatoka kwenye mlinganyo wa Morison wa mwaka 1950, una vipande viwili, kimoja cha dragi (ukinzani wa maji) kinachofuata kasi mara kasi na kimoja cha inesha kinachofuata akselerasheni. Kwa mkondo usiobadilika ni dragi tu. Mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde, kigezo cha dragi 1.2, unapata nyutoni 82 kwa mita.

Kabla ya kubonyeza chochote hesabu kwa mkono kama kamba: nguvu mara urefu mraba gawanya kwa mara 8 ya tensheni ya wastani (kN 1002), unapata mita 2.56 katikati. Kompyuta haitakupa hiyo, itakupa mita 2.8 na kitu, tena sio katikati ila kama mita 195 kutoka chini, kwa sababu huko chini tensheni ni ndogo na bomba linalegea zaidi. Ikikupa mita 2.5 katikati kabisa, umeweka tensheni moja kote. Ikikupa mamia au maelfu ya mita, kuna uniti umekosea, na mara nyingi ni kilonyutoni zilizochanganyika na nyutoni.

Jaribu la pili ni meli kusogea. Isogeze mita 10 pembeni bila mkondo. Kwa macho unasema mita 10 kwa 500 ni digrii 1.1, poa tu. Kwa hesabu ya kamba yenye tensheni inayopungua, pembe ya chini inatoka digrii 2.5 na ya juu digrii 0.6. Ugumu wa kupinda utaipunguza kidogo ile ya chini, lakini bado iko mbali sana na hiyo 1.1. Na pembe ya chini ndiyo inayosimamisha kazi, manake bomba la kuchimbia linalozunguka ndani linasaga ukuta pale kwenye maungio, wachimbaji wanataka ikae ndani ya digrii chache sana. Ukiona pembe za juu na chini zinafanana kwenye modeli yako rudi kwenye tensheni.

Frikwensi

Weka masi. Hapa kuna kitu kinasahaulika, masi sio uzito ndani ya maji. Ni chuma, jumlisha tope, jumlisha masi ya nyongeza ya maji yanayolazimika kusogea pamoja na bomba, ambayo kwa duara ni kama masi ya maji yaliyosukumwa, kilo 229. Jumla kilo 702 kwa mita. Kwenye uzito uliyatoa maji, kwenye masi unayaongeza, usichanganye.

Kwa mkono, modi ya kwanza, yaani umbo la kwanza la kuyumba, inatoka sekunde 26 na nusu hivi kwa mzunguko mmoja. Kompyuta yenye tensheni inayobadilika itatoa karibu 28. Zikikaribiana hivyo endelea. Kwenye modi ya 1 ugumu wa kupinda unachangia chini ya asilimia 1, unaweza hata kuufuta usione tofauti. Ila nenda modi ya 7, kupinda kunaleta kitu sawa na kN 408 za ziada juu ya zile 1002, asilimia 40! Kwa hiyo yule anayekwambia raiza ni kamba tu, yuko sahihi kwa mawimbi marefu na amekosea vibaya kwa visulisuli, ambavyo ndo vinafuata.

Visulisuli

Mkondo ukipita kwenye bomba la duara, nyuma yake vinaachia visulisuli vya maji, kimoja kushoto kimoja kulia, na kila kimoja kinalivuta bomba upande wake. Frikwensi ni karibu 0.2 mara kasi gawanya kwa kipenyo. Mkondo wa mita 0.8 kwa sekunde kwetu unaleta hezi 0.30, na ukitazama orodha ya modi zako, modi ya 6 iko 0.26 na ya 7 iko 0.31 kwa hesabu ya mkono. Bomba linaikamata modi ya karibu na kuanza kucheza nayo, msogeo unaweza kufika hata kipenyo kimoja kizima.

Tuseme inacheza nusu kipenyo kwenye modi ya 7. Mkunjo unatoka 0.0005 kwa mita, mkazo wa kupinda ni MPa 28 kwenda na 28 kurudi, tofauti jumla MPa 57. Kwa mkazo wa siku moja hiyo ni ndogo, chuma hakishtuki. Tatizo ni idadi, hezi 0.31 ni mizunguko karibu 27,000 kwa siku. Uchovu wa chuma unaanzia hapo, hasa kwenye welidi. Kwa hiyo piga orodha ya modi zote mpaka frikwensi ipite ile ya mkondo mkali kuliko yote unaoutarajia, halafu angalia mkunjo wa kila modi, sio msogeo. Wengi wanatazama msogeo kwa sababu unaonekana.

Kwa kazi ya kweli kuna programu maalumu kama SHEAR7 zinazogawa raiza kwenye sehemu zinazosukuma na zinazozuia, kwa sababu mkondo haulingani juu na chini. Dawa ya kawaida ni mapezi ya kuzunguka bomba kama skrubu, yanavunja visulisuli, ila yanaongeza dragi, hivyo ukiyaweka rudi kwenye jaribu la mkondo uongeze kigezo cha dragi. Watu wanasahau kurudi.

Mawimbi na meli inayocheza

Hapa lazima uende kwenye simulesheni ya muda. Tumia njia ya Newmark ya kupiga hatua za muda, yenye gama 0.5 na beta 0.25, hatua za sekunde 0.05 mpaka 0.1. Kwenye Morison tumia kasi ya maji toa kasi ya bomba, sio kasi ya maji peke yake, kwa sababu hiyo tofauti ndiyo inayoleta dampingi (kufifisha mtikisiko) kubwa kuliko zote za raiza. Ukitumia kasi ya maji peke yake modeli itatikisika bila kukoma, halafu utashawishika kuongeza dampingi ya kubuni ili itulie. Usiongeze, rekebisha kasi.

Wimbi la sekunde 10 kwenye maji marefu lina urefu wa mita 156, na mwendo wake ukishuka mita 78 unabaki asilimia 4 tu. Mawimbi basi yanapiga sehemu ya juu tu, huko ndiko uweke meshi ndogo pia. Lakini mwendo wa meli unasafiri kwenye bomba mpaka chini, kwa hiyo usiridhike na mawimbi ukaiacha meli imesimama. Kwa dhoruba tumia spektra ya JONSWAP (jinsi nishati ya mawimbi inavyogawanyika kwa frikwensi), simulesheni ya masaa 3, na urudie kwa mbegu tofauti za namba za bahati, manake kilele cha simulesheni moja ni bahati tu, kesho kinakuwa kingine.

Kama raiza yako ni ile ya chuma inayoning'inia kama mnyororo na kulala sakafuni, mwanzo wake ni fomula ya mnyororo: tensheni ya juu ni ile ya mlalo jumlisha uzito wa mita mara kina, na mkunjo pale inapogusa ardhi ni uzito wa mita gawanya tensheni ya mlalo. Uzito kN 1 na tensheni ya mlalo kN 200 vinakupa mkunjo 0.005, kwa bomba la mm 273 ni MPa 141 kabla hata wimbi moja halijapita. Sehemu hiyo ya kugusa ndiyo inayochoka kwanza mara nyingi, na ugumu wa udongo unabadilisha majibu sana, hivyo piga na udongo laini, piga na mgumu.

Uchovu

Ukishapata historia ya mkazo, ihesabu mizunguko kwa njia ya mtiririko wa mvua (rainflow), kila kundi la mizunguko ligawanye kwa idadi ambayo kiungio hicho kinaweza kuvumilia, jumlisha. Hiyo ndo kanuni ya Miner. Viwango vya DNV na API vinakutaka uweke kizidishi cha usalama, kwa sehemu muhimu zisizoweza kukaguliwa kirahisi ni 10, yaani raiza ya miaka 20 hesabu yake itoke miaka 200. Kumbuka kwenye mistari mingi ya uchovu (grafu za mkazo na idadi ya mizunguko) mkazo unapanda kwa kipeo cha 3 au 5, kosa la asilimia 10 kwenye mkazo linakula karibu robo mpaka zaidi ya theluthi ya maisha, ndo maana ile elementi ya mita 25 haikuwa jambo dogo.

Kabla hujampa mtu ripoti, piga tena zote ukibadilisha kitu kimoja kimoja: dragi 0.7 kisha 1.2, tensheni ya juu ishushe asilimia 10, na tope weka lile zito kuliko yote kwenye mpango wa kisima. Kila mara tazama kwanza Te ya chini kabisa. Ikikaribia sifuri simama hapo hapo, mpigie simu anayesimamia mitambo ya juu umuulize anaweza kuvuta kiasi gani zaidi, halafu ndo urudi kwenye kompyuta.